Saa Isiyokuwa na Mwenyewe

Batuli Abdikarim alizaliwa Kisii mjini, juu ya duka la babake la magodoro na mapazia, na kwa miaka mingi watu wa mtaa ule waliamini kwamba kazi yake ni kutengeneza saa za ukutani. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Siku moja mzee Abdikarim alimuuliza mbele ya wateja anafanya nini kutwa kucha huko juu na ile kompyuta, naye kwa haraka akajibu, "Narekebisha madereva ya saa, Baba." Mzee aliona jibu lina kasoro, kwa sababu saa haina gari, kwa hiyo akalinyoosha kabla ya kulipeleka sokoni: binti yangu ni fundi wa saa. Wiki haijaisha, mwalimu mmoja akaleta saa ya ofisini iliyosimama, na mama wa mboga akaleta ya mkononi iliyozama kwenye karai la sukuma wiki. Batuli aliitia ya kwanza betri mpya, akairudisha ya pili kwa pole nyingi, na tangu hapo akawa na heshima mjini ambayo shahada yake ya uhandisi haikuwahi kumletea.

Ukweli ulikuwa mrefu kidogo. Ndani ya kila mashine yenye kompyuta mna mapigo, kama ya moyo, yanayoambia kila kipande kifanye kazi kwa kasi gani. Wahandisi huyaita saa, kwa sababu wahandisi hawapendi kueleweka. Programu ndogo ya kuwasha na kuzima saa hizo huitwa dereva. Na programu kubwa inayoamka kwanza mashine inapowashwa, kisha ikaziamsha nyingine zote, huitwa kerneli. Batuli alilipwa kuitunza kerneli ya mashine za kutotolesha vifaranga. Mweleze hayo mtu aliyekuja kununua pazia.

Kampuni ilikuwa ya Sahil, mtoto wa Subhash mwenye duka la misumari na mabati mtaa wa pili. Sahil na Batuli walisoma darasa moja shule ya msingi na waligombana kwa Ekegusii kama watoto wote wa mji ule. Baadaye Sahil alikwenda Nairobi, akarudi na wazo: inkubeta yenye akili. Kabati la mbao lenye taa za joto, feni, trei za mayai na bodi ndogo ya kompyuta. Mfugaji angeweka mayai, angepata ujumbe kwenye simu, na dunia ingekuwa mahali pema zaidi. Mashine za kwanza zilitengenezwa stoo ya mzee Subhash, katikati ya mabati. Zilipoanza kununuliwa, kampuni ilihamia Nairobi kwenye jengo la vioo ambamo kuku hajawahi kuingia isipokuwa amekaangwa. Batuli alibaki Kisii. Sahil aliuita huo mkakati wa kuwa karibu na mteja. Batuli aliuita kuishi kwa baba.

Sasa, madereva ya saa ya mashine hizo yaliandikwa na fundi mmoja aliyekwisha hamia Ujerumani. Yalikuwa mabaya kuyatazama. Mashine ikiamka, yaliwasha kila saa iliyokuwa kwenye bodi na kuiacha ikiwaka, haja iwepo isiwepo, kama mtu anayewasha taa za nyumba nzima kisha akaenda safari. Lakini mashine ziliamka kila siku, mwaka baada ya mwaka, bila kumsumbua mtu, na hilo ndilo lililokuwa likimuudhi Batuli. Kitu kibaya hakina haki ya kufanya kazi vizuri hivyo.

Kwa hiyo aliyaandika upya, na tuseme haki, wazo lilikuwa lake. Alifanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa akiwa na furaha ambayo mamake aliitafsiri kuwa amepata mchumba. Kwa mtindo mpya, kila kipande cha mashine kilitakiwa kuiomba saa yake kwa jina. Saa ambayo haikuombwa na yeyote, kerneli ingeizima ikimaliza kuamka. Usafi mtupu. Mashine yenye taa kubwa za kupasha mayai joto mchana na usiku sasa ingeokoa umeme wa kutosha kuwasha kijitaa cha simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe. Batuli aliijaribu kwenye bodi iliyokuwa mezani kwake, ikaamka. Akaizima, akaiwasha, ikaamka tena. Akampigia Sahil.

"Safi sana! Tunaituma leo," akasema Sahil.

"Sahil, leo ni Ijumaa."

"Jumatatu niko na wawekezaji, Batu. Nataka niwaambie tuko kisasa mpaka ndani ya kerneli."

"Na wao wanajua kerneli ni nini?"

"Hawajui. Ndiyo maana wataipenda. Si imefanya kazi kwako?"

"Imefanya kazi mezani kwangu."

"Basi! Tunaanza na wateja wawili walio karibu na wewe. Kitu kikitokea, uko hapo hapo."

"Na kikitokea, ile ya zamani tunairudisha vipi?"

"Hiyo iko kwenye awamu ya pili."

Awamu ya pili ilikuwa stoo kubwa ambamo kampuni ilihifadhi kila kitu cha maana. Sahil alibonyeza kitufe cha kutuma, akapanda basi na wafanyakazi wenzake kwenda kando ya ziwa kujenga umoja wa kampuni. Huko simu zote zilikusanywa kwenye kikapu langoni, ili watu wazungumze kwa mioyo. Ufunguo wa kuzuia masasisho, yaani kerneli mpya zinazotumwa kwa mashine, ulikuwa kwenye simu ya Sahil, na simu ya Sahil ilikuwa kwenye kikapu. Umoja ukajengwa.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Persis wa Ekerenyo, mwanamke wa kelele na bidii, ambaye vifaranga vyake vilikuwa vimeagizwa na nusu ya wanawake wa soko lile. Alipiga simu jua likiwa linaelekea kutua.

"Batuli! Hii mashine yenu imelala."

"Imelala vipi, Mama?"

"Imeandika jina ya kampuni hapo kwa kioo, ikanyamaza. Feni imenyamaza. Taa za joto zimezima. Mayai iko ndani, na karibu yatotolewe!"

"Kengele ya hatari haikulia?"

"Ilie na nini? Na yenyewe imekufa."

Hapo Batuli akakumbuka kwamba kengele ya kutangaza kifo cha bodi iliendeshwa na bodi hiyo hiyo. Lilikuwa jambo lingine la awamu ya pili. Alimwambia Mama Persis azime, awashe. Akazima, akawasha. Jina la kampuni likatokea kwa rangi nzuri, likabaki hapo likitabasamu.

"Kwani mmeifanyia nini?"

"Nilibadilisha madereva ya saa, Mama."

"Sasa yule dereva wa kwanza alikuwa na shida gani? Alikuwa mlevi?"

"Hapana, Mama. Alikuwa tu… wa kizamani."

Mama Persis naye alikuwa mtu wa kizamani. Mwishowe akasema atajaza maji moto kwenye madumu ayaweke ndani ya kabati, afunike na blanketi, na kwamba Batuli afike asubuhi, tena afike na dereva yule wa kwanza.

Kulikuwa na tatizo dogo la dini. Jua likitua Ijumaa, Sabato inaanza, na mume wa Mama Persis, mzee Nehemiah, alikuwa mzee wa kanisa ambaye hakuruhusu hata kijiko kioshwe kabla ya jua la Jumamosi kutua. Kuchemsha maji usiku kucha kwa ajili ya mayai ya biashara lilikuwa swali gumu. Alilifikiria akiwa kitandani, huku mkewe akipita na madumu bila kungoja hukumu, na asubuhi akatangaza kwamba amefikia uamuzi: ndani ya mayai mna uhai, kwa hiyo ni kazi ya rehema. Mkewe alimshukuru na kumwomba asogeze miguu apitishe dumu lingine.

Batuli alifika Ekerenyo kwa bodaboda akiwa na tope mpaka magotini, laptopu ndani ya mfuko wa plastiki, na kadi ya kumbukumbu aliyokuwa ameiwekea kerneli ya zamani. Alimkuta mzee Nehemiah mlangoni na suti yake ya kanisani.

"Bwakire, Mzee," akamwamkia.

"Bwakire buya, binti yangu. Mimi leo siwezi kukusaidia hata kushika waya. Lakini wewe ni Mwislamu, Jumamosi yako iko huru. Mungu amepanga vizuri."

Batuli alisema asante, ingawa hakuwa na uhakika anashukuru nini. Aliingia chumba cha mashine, akafungua kabati, akachomeka kadi. Mashine ikawaka. Jina la kampuni likatokea, likaondoka, feni ikaunguruma, taa za joto zikawaka nyekundu. Mama Persis alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Mzee Nehemiah alivua kofia, akaomba sala fupi ya dakika nyingi, kisha akaenda kanisani akiwa na ushuhuda wa kutoa.

Batuli alitakiwa kuondoka hapo hapo. Lakini alipewa chai na ndizi za kuchemsha, na mtu haondoki na chai mezani. Alikuwa amekaa akiangalia joto likipanda kwenye kioo, akiona haya kidogo. Maana sasa ilikuwa wazi: kerneli ya zamani inaamka, mpya haiamki, mashine ni ile ile. Tangu jana alikuwa akiombea iwe stima mbovu, au panya amekata waya. Panya hakuwa na hatia.

Ndipo mashine ikafanya jambo ambalo Batuli mwenyewe aliliandika miaka miwili nyuma na kusifiwa kwalo. Kila baada ya muda, mashine huuliza Nairobi kama kuna kerneli mpya. Iliuliza. Nairobi ikajibu kwamba ipo, tena ya kisasa. Mashine, kwa utiifu ambao watoto wetu hawana, ikaipakua, ikaiweka, ikajizima ili iamke upya. Jina la kampuni likatokea kwa rangi nzuri. Feni ikanyamaza.

"Imefanya nini tena?" akauliza Mama Persis.

"Imejisasisha."

"Imeji… nini?"

"Imejirudisha kwa dereva mpya, Mama."

Mama Persis aliitazama mashine kama mtu anayemtazama binti aliyetoroka kurudi kwa mume anayempiga. Kisha akaenda kuweka maji jikoni.

Batuli hakukata tamaa. Alirudisha kerneli ya zamani tena, na safari hii akachomoa laini ya simu iliyokuwa ndani ya bodi, ili mashine isiweze kuzungumza na Nairobi. Mashine ikaamka vizuri, ikatafuta mtandao ili ithibitishe kwamba mteja amelipia leseni, ikaukosa, ikaandika kwenye kioo kwamba inasikitika sana, ikazima taa za joto. Ukaguzi wa leseni ulikuwa wa Sahil. Huo haukuwekwa awamu ya pili. Huo ulikuwa tayari tangu siku ya kwanza.

Kwa ufupi basi: ikiwa na mtandao, mashine ilijiua, na ikikosa mtandao iligoma. Batuli alimpigia Sahil, na kikapu hakikupokea. Alimpigia Makori wa Gesima, yule mteja wa pili.

"Hapa iko sawa kabisa," akasema Makori. "Ila bando iliisha tangu Alhamisi, na nimechoka kuweka. Ikizima italeta shida ya leseni, lakini haijazima. Mnataka niweke bando sasa?"

"Usiweke!" akapiga kelele Batuli. "Usiweke, na usiizime!"

Makori alisema hajawahi kupata huduma kama hiyo kutoka kampuni yoyote.

Saa ya ibada ilikuwa imekwisha. Mzee Nehemiah alitokea kwenye kona ya migomba akiwa na waumini wapatao kumi aliowaalika waje kuona mashine iliyofufuka. Walikuta kabati limefunikwa blanketi, madumu yanatoa mvuke, na msichana wa mjini mwenye tope ameketi sakafuni. Hakuna aliyecheka. Walifanya jambo baya kuliko kucheka: walishauri. Mmoja alisema iwekwe juani. Mwingine alisema hata redio yake iliwahi kufanya hivyo na dawa ilikuwa kuipiga ubavuni. Wa tatu aliuliza kama kampuni imeangalia upande wa wivu wa majirani.

"Wacheni afanye kazi," akasema Mama Persis. "Na kama mna mikono, mbebe maji."

"Leo ni Sabato," akasema mmoja wao.

"Ni kazi ya rehema," akasema mzee Nehemiah, kwa sauti ya mtu aliyekwisha toa hukumu.

Wakabeba maji.

Batuli alichukua kebo, akaunganisha laptopu na bodi. Kwenye mashine za namna hiyo mna njia ya siri kidogo: kerneli inapoamka hutaja kila inachofanya, mstari kwa mstari, na anayesikiliza kwa kebo husoma. Kwenye kioo cha mteja huonekana jina la kampuni tu, kwa sababu Sahil anasema mistari inatisha wateja. Akairudishia laini ya simu, akaiacha kerneli mpya ijaribu kuamka mbele yake.

Mistari ikaporomoka. Kumbukumbu imepatikana. Feni imepatikana. Kipimajoto kimepatikana. Kila kitu kilipatikana kwa furaha kama kwenye meza yake. Kisha ukaja mstari wa mwisho, ambao Batuli hakuwahi kuuona nyumbani: sasa nazima saa zisizotumika. Baada ya hapo, kimya. Si kosa, si onyo. Mashine ilizima saa zisizotumika na kutoweka nazo.

Alikaa akiutazama mstari huo. Ulikuwa sehemu ya kazi yake aliyoipenda zaidi. Ndio ule usafi wenyewe.

Akafungua mistari kama hiyo ya bodi yake ya mezani, iliyohifadhiwa kwenye laptopu, akatafuta mahali hapo hapo. Huko kerneli ilisema maneno mengine: saa zisizotumika sizigusi, nimeagizwa nisizime. Nani aliyeagiza? Akapekua maagizo yanayosomwa na bodi kabla ya kuamka. Agizo lilikuwepo, neno moja, lililoandikwa na Batuli Abdikarim siku ya kwanza kabisa ya kazi ile, ili lisimsumbue wakati anajaribu jambo lingine. Akalisahau. Kwa wiki kadhaa alikuwa amejaribu usafi wake kwenye bodi pekee nchini Kenya iliyokatazwa kusafisha. Ingeshangaza kama ingeanguka.

"Umeona?" akauliza Mama Persis, aliyekuwa amesimama nyuma yake na dumu.

"Nimeona, Mama."

"Ni dereva?"

"Ni mimi."

Mama Persis alitafakari. "Hiyo ni afadhali," akasema. "Wewe angalau uko hapa."

Batuli aliwasha mashine tena, akaisimamisha katikati kabla kerneli haijashika usukani, akaandika kwa mkono neno lile lile la bodi yake: usizime. Akaliweka lidumu, akaachia. Mistari ikaporomoka. Ikafika pale pabaya, ikasema imeagizwa isizime, ikaendelea. Feni ikaunguruma. Taa zikawaka. Baadaye mashine iliuliza Nairobi kama kuna kerneli mpya, na Nairobi ikajibu kwamba hakuna mpya kuliko hiyo iliyo nayo. Leseni ikakaguliwa, ikaonekana imelipwa. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, kila mtu alikuwa amekubaliana.

Waumini waliimba. Batuli hakuwa na sauti ya kuimba, lakini alipewa sahani ya ndizi na kuku, akala akiwa ameketi sakafuni pale pale, akitazama namba za joto. Kuku yule alikuwa mtamu. Hakuuliza alitotolewa na nini.

Jumapili, nyumbani, alifanya alichopaswa kufanya kabla ya yote. Aliondoa lile neno kwenye bodi yake ya mezani, na bodi ikafa papo hapo kama ya Mama Persis. Sasa angalau alikuwa na maiti ya kuchunguza. Akairuhusu kerneli izime saa moja tu kwa wakati mmoja, aone ni ipi inayoondoka na roho. Ya kamera ambayo mashine haikuwa nayo: hakuna kitu. Ya sauti: hakuna kitu. Akaendelea hivyo, mamake akipita na kumwekea chakula, akipita tena na kukiondoa kimepoa, mpaka akafika kwenye saa moja isiyo na jina la maana, namba tu. Akaizima. Bodi ikafa.

Ilikuwa saa ya njia inayounganisha bongo la bodi na kumbukumbu yake. Kila kipande kiliitumia, kila sekunde. Kwa sababu kila kipande kiliitumia, hakuna hata kimoja kilichofikiri ni juu yake kuiomba. Batuli alipopita akiuliza saa hii ni ya nani, palikuwa kimya, na kerneli, kwa adabu na kwa kufuata kanuni alizoiandikia, ikaizima. Fundi wa Ujerumani hakuwahi kuuliza swali hilo. Aliziwasha zote akaenda zake. Batuli alimfikiria yule bwana kwa heshima mpya, iliyochanganyika na hamu ya kumpiga.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: saa hii isizimwe kamwe, iwe na mwenyewe isiwe naye. Aliuandika, akajaribu, akajaribu tena bila neno lolote la siri, bodi ikaamka kila mara.

Sahil alitoka kwenye kikapu Jumapili jioni, akiwa amejaa umoja.

"Batu, nimeona simu zako. Kuna kitu?"

Batuli alimwambia. Alimwambia yote, kwa Ekegusii, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa na adabu mno kwa kazi hiyo. Sahil alisikiliza. Tusimwonee, hakumkatiza hata mara moja.

"Mayai ya Mama Persis yako sawa?" akauliza mwishowe.

"Hatujui bado."

"Basi nazuia masasisho yote sasa hivi. Na Batu… kesho nikiwa na wawekezaji, hii tuiite nini?"

"Iite Ijumaa," akasema Batuli, akakata simu.

Jumatatu Sahil aliwaambia wawekezaji kwamba mfumo umepita jaribio gumu la uthabiti katika mazingira halisi ya vijijini. Waliipenda. Mama Persis alipata mwezi mmoja wa leseni bila malipo, yaani ile leseni iliyomzimia mashine. Alisema ni zawadi nzuri, kama kupewa yule mbwa aliyekuuma.

Vifaranga vilitoka vikichelewa kidogo, na havikutoka vyote. Vingi vilitoka. Mama Persis alimpigia Batuli akiweka simu ndani ya kabati, na kwa muda Batuli hakusikia neno ila kelele nyembamba, nyingi, zenye hasira. Alijikuta akilia, kwa hiyo akamwambia mamake ni kitunguu, ingawa alikuwa kwenye meza ya kompyuta. Kisha Mama Persis akaitoa simu na kusema kwamba wateja wake wamegombania vifaranga vyote, kwamba yale mayai yaliyokufa ameyahesabu na atamwonyesha Sahil siku akithubutu kupita Ekerenyo, na kwamba Batuli aje ale.

Kuanzia hapo kampuni haikutuma kitu Ijumaa, na njia ya kurudisha kerneli ya zamani ikatolewa kwenye awamu ya pili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea mkazi yeyote wa stoo hiyo. Batuli aliitengeneza mwenyewe, na kuijaribu kwenye bodi mpya ambayo hakuiandikia neno lolote la kuirehemu.

Kisha akafanya jambo moja zaidi, ambalo Sahil hakulielewa. Kerneli ile haikuwa ya kampuni. Ni ya dunia nzima, inatunzwa na watu wa mbali wanaoandikiana barua kwa kompyuta na kukosoana bila salamu, na bodi kama ile ipo kwenye mashine za watu wengine wengi. Batuli aliwatumia mstari wake na maelezo ya yaliyotokea. Alitarajia shukrani, au angalau mshangao. Baada ya siku kadhaa alijibiwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, kwamba nafasi mbele ya mstari ni pana kupita kiasi na sentensi ya kwanza ya maelezo ni ndefu. Akaipunguza, akatuma. Akaambiwa sasa ni fupi. Akatuma tena. Safari hiyo waliupokea, kwa neno moja, bila nukta.

Mzee Abdikarim alimkuta akilisoma neno hilo kwa mara ya kumi.

"Ni habari njema?"

"Wameikubali kazi yangu, Baba. Itakuwa kwenye mashine za dunia nzima, na jina langu liko hapo."

Mzee aliinama, akaliona jina la bintiye na lake mwenyewe nyuma yake, akaliangalia kwa muda.

"Wanalipa?"

"Hawalipi."

"Basi ni sadaka," akasema mzee, akashuka dukani, maana kulikuwa na mteja wa godoro.